Siku Ukuta wa Mzee Okumu Ulipokwama kwa Posho Mill

Vijana wangu, naona siku hizi kuta zinaletwa na lori, zimefungwa nailoni kama godoro, na nyinyi mnazishusha mkiwa mmevaa glavu. Ni vizuri, sina ubaya nazo. Juzi nilipita pale Kawangware 46 nikawakuta mkisimamisha chumba. Mmoja wenu alikuwa anapima ukuta kwa simu, na ukuta wenyewe ulikuwa umesimama kichwa chini. Dirisha lilikuwa huko karibu na sakafu, mahali ambapo paka angeona nje vizuri sana. Sikusema kitu. Mimi nimestaafu, na mtu aliyestaafu akianza kusema hanyamazi. Lakini nilifika nyumbani nikashindwa hata kulala kale kausingizi ka mchana, ndiyo maana nimeamua kuwaandikia.

Jina langu ni Rispa. Kwa kazi waliniita Mama Kona, kwa sababu nilikuwa nikifika mahali naangalia kona kwanza, salamu baadaye. Nimetengeneza nyumba za mbao na mabati maisha yangu yote, na nyingi kati ya hizo sikuzijengea pale ziliposimama. Nilizijengea Kawangware, kwa yadi yetu, vipande vipande, kisha tukazibeba mpaka Kibera. Sisi hatukusema paneli. Tuliita kuta za kubeba.

Mtu atauliza, kwa nini ujenge ukuta Kawangware wakati nyumba iko Kibera? Aliyenifundisha, Fundi Nashon, alinijibu swali hilo siku yangu ya kwanza. Nashon alikuwa Mragoli mwembamba, mtu wa maneno machache, ambaye penseli yake ilikaa juu ya sikio hata akienda kanisani. Aliniambia, "Rispa, ukuta mzuri hutengenezwa ukiwa umelala. Sasa niambie, pale Raila, Kibera, utaulaza wapi? Ukiulaza, utakuwa umeulaza kwa nyumba ya mtu."

Ni kweli. Kijiji cha Raila kule Kibera kina njia ambazo watu wawili wakikutana, mmoja lazima ageuke ubavu. Halafu kuna jambo lingine. Ukibomoa nyumba ya mtu asubuhi, jioni anataka kulala. Ukijenga msumari kwa msumari papo hapo, siku tatu, nne, familia iko nje na vyombo vyao, mvua inawaangalia. Lakini kuta nne zikiwa tayari, unabomoa asubuhi, unasimamisha mchana, na jioni mtu anapika kwake.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka tu uvumilivu. Unachukua mbao ya chini na mbao ya juu, unazilaza sakafuni sambamba. Katikati unapanga mbao za kusimama. Unaacha nafasi ya dirisha, unaacha nafasi ya mlango. Kabla hujapiga bati hata moja, chukua kamba, pima kutoka kona hii hadi kona ile ya mkabala, halafu upime kona zile zingine mbili. Kamba ikitoshana, ukuta wako uko sawa. Isipotoshana, gonga kona iliyo ndefu polepole mpaka ikubali. Kisha piga mbao ya mshazari, kutoka chini upande mmoja kwenda juu upande mwingine. Ukisahau mshazari, ukuta utapendeza kabisa ukiwa umelala, na siku ya kuuinua utainama kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka.

Na mkipiga mabati, angalieni nguo zenu. Hili nalisema kwa sababu ya mwenzangu Jairo. Jairo alikuwa mtu mkubwa wa mabega, mwenye kupenda hadithi, na siku moja aliinama juu ya fremu akapiga bati huku akitusimulia habari za mechi. Alipiga kwa furaha sana. Saa ya chakula ilipofika tukaenda kula, yeye akasema hana njaa, anapumzika kidogo. Tukashangaa, kwa sababu Jairo na chakula hawakuwahi kukosana. Tukarudi, bado amechuchumaa mahali palepale, anatazama mawingu. Nashon akamzunguka, akainama, akaona. Pindo la koti la Jairo lilikuwa kati ya mbao na bati, misumari imepita sawasawa.

"Jairo," Nashon akasema, "umejigongomelea?"

"Ni koti tu," Jairo akasema. "Mimi mwenyewe niko huru."

Ilibidi avue koti ndiyo aende kula. Nashon alikataa kung'oa misumari ile. Alisema imepigwa vizuri kuliko yote ambayo Jairo amewahi kupiga.

Jambo lingine ni kuandika. Kila ukuta uandikwe ni wa wapi, upande gani ni juu na upande gani ni nje. Kuna mama mmoja hapo Kongo, Kawangware, aliyetaka kibanda cha chapati. Jairo akaandika UBAVU kwenye ukuta wa mbele, na hakuna aliyekumbuka kuangalia. Tuliposimamisha, dirisha la kuuzia likatokea ubavuni, likitazama jiko la jirani, ana kwa ana. Tulitaka kugeuza, lakini jirani tayari alikuwa amenyoosha mkono na sahani. Yule mama akasema tuache kwanza aone. Jirani alikuwa na watoto wengi na hapendi kupika. Dirisha lile halikugeuzwa tena, na mbele tukamkatia lingine.

Sasa nije kwa Mzee Okumu, ambaye ndiye hasa nilitaka kuwaambia habari zake.

Mzee Okumu alikuwa ameacha kazi ya kulinda geti huko Kilimani na aliishi Raila na binti yake Akinyi, msusi wa nywele. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na miti, ya zamani, na ilikuwa imeinama. Iliinama mpaka kalenda ukutani ilining'inia mbali na ukuta, katikati ya hewa. Mlango ulifunguliwa kwa bega na kufungwa kwa jiwe. Nje kulikuwa na gogo lililoegemezwa kuizuia isianguke, na Mzee Okumu aliwaambia wageni kuwa gogo hilo ni la kuanikia nguo.

Akinyi akapata mchumba, kijana Mbukusu anayeitwa Wafula, fundi wa viatu, mtu mtulivu. Wazee wa upande wa Wafula wakasema watakuja Jumamosi kujulishana. Mkubwa wao alikuwa mjomba mmoja aitwaye Mzee Sitati, na sifa yake ilikuwa imemtangulia. Inasemekana alishawahi kuondoka kwenye posa kwa sababu chai ilikuja kabla ya maji ya kunawa.

Mzee Okumu, kwa kuogopa, alikuwa amewatumia ujumbe kuwa wasijali, anaishi kwa nyumba mpya. Wakati anasema hivyo, nyumba hiyo mpya ilikuwa bado ni mbao kwa duka la mbao.

Akinyi ndiye aliyekuja kwetu kwa yadi. Alisimama hapo, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Mama Kona," akaniambia, "baba amedanganya. Sasa mimi sitaki aonekane mwongo, na sitaki Wafula aulizwe maswali kwa sababu ya nyumba yetu. Mnaweza?"

"Wageni wanakuja saa ngapi?"

"Saa tisa."

Nikamwangalia Nashon. Nashon akashusha penseli kutoka sikioni, na kwa Nashon hiyo ilikuwa ndiyo.

Tulitengeneza kuta nne. Tatu zilikuwa za kawaida: wa nyuma na mbili za ubavu. Wa nne, wa mbele, ulikuwa na mlango na dirisha. Ili tusipoteze wakati siku ya Jumamosi, tukaufunga mlango huo kabisa kwenye ukuta, na bawaba zake, na komeo lake, na hata rangi ya bluu. Ulikuwa ukuta wa kupendeza. Watu walikuja yadi kuutazama wakasema unakosa tu nyumba.

Nilienda Raila mapema wiki hiyo nikapima njia. Nilipima kona zote, na kona mbaya kuliko zote ilikuwa kwa posho mill ya Mama Shiro. Mama Shiro alikuwa mama Mkikuyu, mnene, mkarimu, mweupe wa unga kuanzia nyusi mpaka viatu, na kinu chake kilikuwa palepale njia inapokunja. Nikapima. Tunapita, nikasema, tena na kiganja kinabaki.

Jumamosi majirani wakabomoa nyumba ya zamani. Kubomoa ni neno kubwa. Waliondoa gogo. Nyumba ikafanya yenyewe yaliyobaki, polepole, kama mtu anayekaa chini baada ya safari. Wakasafisha mahali, wakasawazisha sakafu. Sisi nasi tukazileta kuta kwa mkokoteni kutoka Kawangware mpaka mwanzo wa Kibera, na kutoka hapo tukaziinua mabegani, mbao na mabati ya paa vikabaki vije mwisho. Ule wa nyuma ukapita. Za ubavu zikapita. Tukaurudia wa mbele, tukausimamisha wima, Jairo mbele, mimi na Nashon nyuma, na mwenye mkokoteni katikati. Tukaingia kona ya Mama Shiro tukaanza kukunja nao. Ukuta ukasema kwaa.

Nikachungulia. Mama Shiro alikuwa amejenga kibaraza. Kibaraza cha saruji, kizuri, mbele ya mlango wake, na hakikuwepo nilipopima.

"Mama Shiro, hii ni nini?"

"Ni ya wateja kukalia," akasema. "Nilimwaga juzi. Msiikanyage, bado haijashika vizuri."

Kwa hivyo vijana, andikeni hili mahali: njia hupimwa asubuhi ya siku yenyewe. Njia za Kibera hukua na kupungua kama mwezi angani.

Tukajaribu kwenda mbele, haikubali. Tukajaribu kurudi, nyuma yetu mkokoteni wa mitungi ya maji ulikuwa umeshaingia, na nyuma yake mwingine. Ukuta ulikuwa umebana sawasawa kutoka kibaraza cha Mama Shiro hadi bati la upande wa pili, umeziba njia yote, umesimama wima na dirisha lake na mlango wake wa bluu. Mtu akija pale angedhani umejengewa hapo.

Watu wakaanza kujaa pande zote mbili. Jumamosi asubuhi kila mtu ana safari. Mmoja akauliza, "Sasa tutapita wapi?"

Jairo akafikiri, kisha akafungua mlango.

Basi watu wakaanza kupita. Mwanzo walipita wakicheka, baadaye wakapita tu. Mama mmoja mzee alifika akabisha hodi, akasubiri, Jairo akamwambia karibu, akaingia, akapangusa miguu, akatokea upande wa pili na kuendelea na safari yake. Kijana aliyebeba godoro alipita ubavu. Mwenye mitungi alipitisha mitungi dirishani, mmoja mmoja. Jirani mmoja alisimama akasema, "Kwani hapa pameuzwa?" Kuku walipita chini, hawakuhitaji mlango.

Kule kiwanjani Mzee Okumu alikuwa amevaa suti tayari, anaona kuta tatu zimeegemezwa na wa mbele haufiki. Akaja mbio na nyundo mkononi, sijui alitaka kumgonga nani. Akafika upande wake wa ukuta, sisi tuko upande wetu.

"Mama Kona," akaita dirishani, "kwa nini nyumba yangu iko kwa Mama Shiro?"

Nikamweleza. Akaegemea ukuta. Nilimsikia akipumua. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Akinyi amesuka nywele tangu jana, na ameazima sahani, na ameazima vikombe vinavyofanana. Hapo nilihisi uzito ambao si wa mbao. Nashon alikuwa ameshachuchumaa anatazama kona ya chini, anapapasa kibaraza kwa kidole, na Mama Shiro anapapasa kidole cha Nashon kwa macho.

Ndipo wageni wakafika. Hawakuja saa tisa. Walikuwa wameogopa kupotea, kwa hivyo walitoka mapema, wakapotea kidogo kuliko walivyotarajia, wakafika kabla ya saa sita. Walikuwa wengi: wazee wawili, kina mama na kreti za soda, Wafula katikati na tai iliyomkaba, na vijana kadhaa waliobeba mizigo. Mbele yao, Mzee Sitati. Alikuwa mtu mkubwa, kofia imekaa sawa, fimbo mkononi. Aliufikia mlango wa bluu akasimama.

"Tunatafuta kwa Mzee Okumu," akasema.

Jairo alikuwa ameshika komeo. Aliangalia mlango, akamwangalia yule mzee.

"Ni hapa," Jairo akasema.

Na vijana, hakusema uongo. Mlango ulikuwa wa Mzee Okumu.

Mzee Sitati akabisha kwa fimbo. "Hodi."

Mimi nilikuwa dirishani, nilimwona Mzee Okumu. Alitazama juu, akatazama nyundo, akampa Mama Shiro ile nyundo, akafunga kifungo cha koti. Kisha akafungua mlango wote.

"Karibuni nyumbani," akasema.

Wakaingia mmoja mmoja, wakiinama kidogo mlangoni kwa heshima. Kila aliyeingia alikuta mbele yake njia ileile aliyoiacha nyuma, na mtaro, na nguo za watu kwenye kamba, na Mama Shiro mweupe pepepe ameshika nyundo. Mzee Sitati aliwapisha wenzake, akawa wa mwisho. Aliingia, akavua kofia, akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akatazama juu, mbinguni.

"Paa iko wapi?"

"Inakuja," Mzee Okumu akasema.

"Na kuta zingine?"

"Zimetangulia."

Hakuna aliyecheka. Wafula alikuwa ameangalia viatu vyake mwenyewe kana kwamba vimeletwa kwake vishonwe. Mzee Sitati aligeuka, akaugusa ukuta kwa kiganja. Akafungua mlango, akaufunga, akafungua tena. Akaupiga kidogo na fimbo. Mimi nikasema moyoni, posa imekwisha, na sababu ni kibaraza.

"Okumu," akasema, "ulituambia una nyumba mpya."

"Ndiyo, mzee."

"Nilidhani ni mpya ya mwaka huu." Akavaa kofia. "Hii ni mpya ya leo. Mimi sijawahi kumwona mtu akisema ukweli mpaka kiasi hiki."

Shangazi mmoja wa Wafula alikuwa amejizuia muda mrefu, akaachilia kicheko kikamrusha mpaka kwa mtaro, akashikwa mkono na Mama Shiro, na hapo kila mtu akaanza. Mzee Okumu alicheka akifuta macho. Jairo alicheka bila kujua sababu, kwa maana yeye aliona kila kitu kimeenda kama inavyotakiwa.

Nashon hakucheka. Alikuwa anahesabu watu. Aliwatazama wale vijana wa upande wa Wafula, akatazama mapaa. Mnajua pale Raila mapaa ya mabati yanakaribia kugusana juu ya njia. Tulikuwa watu wanne, hatungeweza kuuinua ukuta ule juu ya vichwa. Sasa tulikuwa na kikosi. Akaangalia nyaya za stima kwanza, akaona ziko upande mwingine, mbali na sisi. Hilo pia mlishike, nyaya huangaliwa kwanza, tena na mtu asiye na haraka. Kisha akasema maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema: "Tutaulaza juu ya mapaa, tuusukume kama sinia, mpaka kwake."

Tukabisha kwa kila nyumba kuomba ruhusa. Watu wakakubali, isipokuwa baba mmoja aliyesema anaoga, tumpe dakika chache, asije akaangukiwa. Tukangoja. Kisha tukaunasua ukuta kutoka kwa kibaraza kwa kuuinua wima, vijana wakaushika, ukapanda, ukalala juu ya mapaa ya pande mbili na mlango wake ukitazama chini. Tukaanza kuusukuma kwa mikono na vijiti, tukitembea chini yake. Mabati yalipiga kelele kama mvua ya mawe. Komeo likafunguka njiani, mlango ukaning'inia, na Mzee Sitati, ambaye alikuwa akitembea katikati na fimbo yake, akaubeba kwa fimbo hiyo mpaka mwisho wa safari, uso mkavu kabisa, kama askari aliyeshika bendera.

Tulipofika, chakula kilikuwa kimeiva kwa jirani. Kungoja nyumba iishe kungekipoza. Mama Shiro, ambaye dhamiri ilikuwa inamsumbua kuhusu kibaraza, akatoa makochi yake mwenyewe, yale makubwa ya maua ya kahawia, akaagiza yaletwe kiwanjani. Wazee wakakaa juu ya makochi, sakafuni pa nyumba isiyokuwepo, wakanawa mikono, maji yakatangulia chai kama inavyopaswa, na ugali na kuku na samaki vikaletwa. Sisi tukaendelea na kazi tukiwazunguka. Ukuta wa nyuma ukasimama nyuma ya mgongo wa Mzee Sitati. Za ubavu zikaja, moja kulia, moja kushoto. Mazungumzo hayakukatika.

Kona zetu hatukuzipiga misumari. Tulizifunga kwa bolti na nati, kwa sababu nyumba ya Kibera leo iko hapa, kesho mwenye ploti amesema isogee. Lakini bolti inataka mtu ashikilie ukuta usitikisike wakati unaikaza. Watu walikuwa wamekwisha, wengine wako na paa, wengine wako na samaki. Nikamwomba Mzee Sitati, palepale alipokaa, anishikie kona kidogo kwa mikono miwili.

Na hapo nikajifunza jambo ambalo halimo kwa kazi ya useremala. Mtu aliyezoea kubishana kwa mikono, ukimpa ukuta ashike, hoja zake zinapungua. Mzee Okumu alikuwa anaeleza mambo ya binti yake, alivyomsomesha, anavyotaka aheshimiwe. Mzee Sitati alitaka kupinga mahali fulani, akaanza kunyanyua kidole, ukuta ukayumba, akaurudisha haraka. "Sawa," akasema, "endelea." Nilikaza bolti hiyo polepole sana. Akinyi alikuwa mlangoni mwa jirani na sinia la vikombe, alinitazama, nikamtazama, nikaikaza polepole zaidi.

Wakakubaliana. Ukuta wa bluu ukaja mwisho ukafunga mbele, paa likapanda, jua likatoweka ghafla, na shangazi wa Wafula akauliza nani amezima taa. Wageni wale walianza kula wakiwa nje na wakamaliza soda wakiwa ndani, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kitini.

Wafula na Akinyi walioana, wako Kongo, hapo Kawangware, na watoto. Mzee Sitati alirudi kijijini akasimulia mpaka watu wakamwona mwongo. Mama Shiro alikizungushia kibaraza chake kamba mpaka kikashika, na wateja bado wanakikalia.

Lakini Jumapili asubuhi Mama Shiro alikuja kwetu yadi, Kawangware, hajapakwa unga, amevaa za kanisa.

"Mama Kona," akasema, "makochi yangu."

"Yana nini?"

"Yako ndani. Mlango hauyatoshi."

Nikakumbuka mlango. Nikakumbuka makochi. Nikamwangalia Nashon, naye akachukua spana. Tulienda Raila watatu na Jairo, tukazunguka nyuma, tukafungua nati za chini, tukafungua za juu, tukaukamata ukuta wa nyuma na kuuweka kando. Jua la asubuhi likaingia nyumba nzima. Mzee Okumu alikuwa bado kitandani, blanketi limefika kidevuni, nusu ya mtaa wa Raila imesimama inamtazama.

Hakushtuka. Alitusalimia, akauliza habari za nyumbani, akatuambia makochi yako pale kushoto. Kisha akageukia upande mwingine na kusema tukimaliza tufunge ukuta.